Ukuta Mtupu Nyuma ya Turubai

Kila alasiri, akina mama wa kikundi cha kuimba walipokuwa wakifanya mazoezi uani mwa zahanati, mchoraji alikuwa nyuma ya turubai la bluu akipiga kelele za kazi. Aliburuta ngazi kutoka huku kwenda kule. Alikoroga rangi asiyokuwa na haja nayo. Aligongagonga makopo kwa mpini wa brashi, akakohoa, akasema peke yake kwa sauti ya kusikika, "Hapana, hapa nipunguze kidogo." Kisha akashusha pumzi na kuutazama ukuta, mweupe pe, hauna hata alama ya kidole.

"Wifi! Inaendeleaje huko?"

"Inaendelea!"

"Tuchungulie kidogo tu?"

"Weee, thubutu! Chungu hakifunuliwi kabla hakijaiva!"

Akina mama waliangua kicheko, wakarudi kwenye wimbo wao. Yeye akakaa juu ya kopo la rangi, akijua kwamba njia ya mwongo ni fupi na kwamba yake ilikuwa imebaki hatua chache.

Wifi yake huyo, dada wa mumewe, ndiye aliyemtia katika kazi hiyo, tena kwa nia njema. Alikuwa kiongozi wa kikundi, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima na ulimi usiojua breki. Siku kamati ya zahanati ilipouliza nani atauchora ukuta unaotazamana na madirisha ya wodi mpya ya watoto, wifi alisimama kabla swali halijaisha. "Mchoraji ninaye nyumbani," alisema, "na akishindwa yeye, nikateni ulimi." Waliomjua waliona hiyo ni dhamana kubwa.

Wifi hakujua kwamba mchoraji alikuwa hajachora kitu muda mrefu. Hakuna aliyejua. Zamani aliwahi kuuchora ukuta wa duka la mshonaji pale njia panda: kamba ndefu ya nguo zinazopepea, na ndani ya kila vazi, ndege anayejaribu kutoka. Ilimchukua kiangazi chote. Watu walikuwa wakielekezana kwa ukuta ule, "ukifika penye ndege, kata kushoto." Baadaye duka likauzwa. Asubuhi moja, akitoka sokoni na kikapu chake, alimkuta fundi anaupaka ukuta chokaa huku akipiga mluzi. Nusu ya ndege walikuwa wamekwisha kupotea.

"Pisha kidogo mama, nisikuchafue," fundi alimwambia kwa adabu.

Akapisha. Akaenda nyumbani kupika. Lakini tangu siku hiyo, kila aliposhika kipande cha mkaa kuchora, mkono ulisita, kana kwamba yule fundi amesimama nyuma yake anamsubiri amalize ili naye aanze. Alidhani ukuta wa watoto ungemponya. Akatundika turubai ili achore bila macho ya watu, na nyuma ya turubai akakuta hofu imemtangulia na imeshakaa.

Nyumbani aliishi na mama mkwe wake, kwa kuwa mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa na mara nyingi alikuwa njiani. Ua wao ulikuwa hauna udongo, ni saruji tupu, lakini mama mkwe alikuwa haamini kwamba saruji inaweza kumzuia mtu kulima. Alipanda mchicha kwenye ndoo zilizopasuka, nyanya kwenye sinki lililong'olewa, bamia kwenye beseni, alizeti kwenye makopo ya mafuta, na maboga kwenye tangi la choo lililovunjika, ambalo wageni waliombwa walitazame kwa heshima. Siku hizo goti lilikuwa limemvimba, akawa anaamuru tu kutoka kwenye kiti.

"Si hapo! Unamwagilia majani kama unamnawisha mtu uso. Mizizi, mwanangu, mizizi ndiyo yenye kiu."

"Ndiyo, mama."

"Na mbona huli? Jana hukula, leo unachezea chakula. Una mimba?"

"Sina, mama."

"Basi una jambo. Jambo na mimba havifichiki, ni suala la muda tu."

Mchoraji aliinama juu ya mchicha ili uso wake usionekane. Usingizi ulikuwa umemhama. Kila siku aliyoamka, siku ya uzinduzi wa wodi ilikuwa imesogea, naye hakuwa amesogea.

Kilichomtoa pale alipokwama kilikuwa ugomvi wa kuku. Kuku wa jirani waliruka ukuta, wakaparua miche yote ya beseni moja. Mama mkwe, ambaye aliamini kuku wale walikuwa na kisasi naye cha ukoo, alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, kisha akatoa amri: maboga na alizeti zihamishiwe zahanati, nyuma ya turubai, mahali kuku hawafiki.

"Mama, kule kuna vumbi la kazi…"

"Vumbi gani? Mimea haiogopi vumbi. Goti likipoa nitakuja kuitazama mwenyewe, na picha yako niione hapohapo."

Alitaka kukataa. Lakini mkwe hakataliwi kwa jambo la boga. Akakodi mkokoteni, akaipeleka mimea, na kwa kuwa chini kulikuwa na kivuli cha turubai, akalipandisha tangi la maboga juu ya ngazi ili lipate jua.

Alasiri hiyo alikuwa amekaa juu ya kopo lake kama kawaida, ameegemeza kichwa mikononi, akisikia akina mama wakirudia ubeti uleule uliokuwa ukiwashinda. Alipoinua macho, ukutani palikuwa na majani. Makubwa, mapana, yenye ncha laini, na kikonyo kilichojikunja kama mtu anayemwita mwenziwe kwa kidole. Vilikuwa vivuli vya maboga. Upepo ulipopita juu ya turubai, vivuli vilitikisika vyote kwa pamoja, kisha vikarudi palepale.

Hakuwaza. Angewaza, asingefanya. Alichukua mkaa, akafuata ukingo wa jani moja, taratibu, kama mtu anayemshika mtoto aliyelala. Mkono haukusita, maana hapakuwa na cha kubuni. Jani lilikuwepo tayari, kazi yake ilikuwa kulishika tu kabla jua halijaondoka nalo. Alipomaliza alirudi nyuma hatua mbili, jasho likimtiririka mgongoni kama aliyekimbia.

Jani moja. Kwenye ukuta wa urefu wa lori na tela lake.

Kesho yake hakupata hata hilo. Mbingu ilifunga tangu asubuhi, jua halikutoka. Alasiri upepo mkali ukaanza kuzoa karatasi na mchanga. Akina mama walikuwa wengi kuliko siku zote, maana uzinduzi ulikuwa umekaribia, na muuguzi mkuu naye alikuwa ametoka kuwasikiliza. Mchoraji alisikia kamba ya kwanza ikikatika juu ya kichwa chake. Aliishika pembe ya turubai kwa mikono miwili, akaning'inia nayo, miguu ikiburuzika. Kamba ya pili ikakatika. Turubai likampokonya pembe yake, likapaa, likaenda kulala juu ya paa la stoo.

Wimbo ukakatika katikati ya neno.

Akina mama waliutazama ukuta. Waliutazama tena, kama watu wanaodhani macho ndiyo yenye kosa. Mweupe, mtupu, na katikati yake jani moja la mkaa, kubwa kama sahani. Mchoraji alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Wifi," dada wa mumewe alisema polepole, "picha iko wapi?"

"Hakuna picha."

"Hakuna vipi? Si tunakusikia humo kila siku? Ngazi, makopo…"

"Nilikuwa napiga kelele tu, wifi. Nimeshindwa. Nilijaribu nikashindwa, halafu nikaona aibu kusema."

Hakuna aliyecheka. Wifi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza mtaa ulimwona akiufunga bila kusema kitu. Alijifunga kanga yake vizuri, akageuka, akatoka getini. Hilo lilimuuma mchoraji kuliko matusi. Wenzake wakamfuata mmojammoja, wakijifanya wanaikimbia mvua.

Alibaki muuguzi mkuu, mikono mifukoni mwa koti lake jeupe.

"Mimi nilikuwa najua," alisema. "Dirisha la stoo linatazama humu. Kila nikienda kuchukua mashuka nakuona umekaa juu ya kopo."

"Sista! Mbona hukusema?"

"Nilidhani ndivyo mnavyofanya wachoraji. Nikasema huenda anautotoa."

Mchoraji hakujua acheke au alie, mvua ikamwamulia. Walikimbilia kibarazani wote wawili.

Asubuhi alikwenda mapema kurudisha ngazi na makopo na kuomba radhi kwa kamati. Alikuwa amejipangia maneno njia nzima. Mama mkwe, aliyekwisha kusikia habari yote kabla hata mvua haijakatika, alikuwa amemwambia jambo moja tu mlangoni: "Maboga yangu usiyaache huko."

Muuguzi mkuu alimkuta akifunga makopo.

"Ngoja kwanza. Watoto wamekwisha kuhamia wodini, na sasa turubai limetoka wanauona ukuta. Tangu jua lianze kuwaka wamelala wanatazama vivuli vya maboga yako vikitembea. Kuna mmoja ana mguu kwenye plasta, ameniuliza lile jani jeusi limefanya nini mpaka wenzake wamelihama."

Kicheko kilimtoka mchoraji bila ruhusa. Kisha akageuka kuuangalia ukuta. Ni kweli, jani lake, lililonusurika mvua chini ya ukingo wa paa, lilikuwa limebaki peke yake, na vivuli vya asubuhi, virefu na hafifu, vilikuwa vimekimbilia upande mwingine.

"Nilimjibu kwamba bado wanafika," muuguzi aliongeza. "Sasa usiniumbue."

Maji alikuwa ameyavulia nguo, ikabidi ayaoge. Alifungua makopo tena. Mara tatu alisimama akageuka nyuma kuhakikisha hakuna mtu. Lakini sasa alijua pa kuanzia: palipo na kivuli. Alisogeza alizeti, akachora alizeti. Alisogeza tangi, akachora maboga juu ya maboga. Kufikia adhuhuri sehemu ya chini ya ukuta ilikuwa msitu, na juu yake palibaki weupe mkubwa uliomtisha upya.

Alasiri akina mama wakaja. Wachache, na wifi hakuwemo. Walimpita bila maneno mengi, wakasimama mahali pao, na jua lililokuwa likiingia kwenye uwazi kati ya wodi na stoo likavichukua vivuli vyao likavitupa ukutani, juu ya majani, vichwa, mabega, mikono iliyoinuliwa.

"Simameni hivyohivyo!" mchoraji alipiga kelele, akashtuka mwenyewe. "Tafadhali. Msitikisike."

Wakatulia. Lakini walipotulia, wimbo ukafa, na vivuli vikawa kama vya watu wanaosubiri kupigwa sindano.

"Mama, hatuwezi kuimba bila kucheza," mmoja alilalamika. "Sauti inakwama kiunoni."

"Basi imbeni tu."

Wakaimba, vivuli vikayumba, naye akabaki na brashi hewani, akifukuza bega ambalo halipo tena. Alikaribia kuitupa. Ndipo akagundua kwamba kila walipofika kwenye kibwagizo walirudi palepale: bega lilelile, mkono uleule, shingo imeinuka vilevile. Akaacha kufukuza. Akangoja kibwagizo, akachora kipande, akaacha ubeti upite, akangoja tena. Mguu wake ukaanza kuhesabu kabla hajauamuru. Akina mama wakaona kinachotokea ukutani, na kibwagizo kikaanza kurudi mara nyingi kuliko kilivyotungwa, mpaka wimbo wenyewe ukabadilika, na ule ubeti uliokuwa ukiwashinda wakauacha kabisa. Hakuna aliyeusikitikia.

Habari ilitembea. Siku zilizofuata watu walikuja kusimama juani: muuza mkaa na gunia lake begani, mshona viatu, wajawazito waliokuja kliniki na waliotaka matumbo yao yatokee vizuri. Mama mkwe alikuja akichechemea, akatazama mimea yake kwanza, ukuta baadaye.

"Majani umeyapata," alisema. "Ila huyo kiwavi hujamchora, nami namwona hapa anakula." Akamtoa kiwavi, akamkanyaga kwa mguu mzima.

Wifi alikuja mwisho. Alisimama mbali kidogo, mikono kiunoni.

"Niliahidi kukatwa ulimi," alisema. "Unajua nilivyolala siku ile?"

"Nisamehe, wifi. Nilikuogopa wewe kuliko kamati."

"Mimi! Mimi nina nini cha kuogopwa?" Sauti yake iliwashtua njiwa kwenye paa. Kisha akaishusha sauti. "Ungeniambia tu. Ningekusema siku nzima, lakini jioni ningekuletea chai."

"Najua. Sasa najua."

Wifi alisogea juani, akatazama kivuli chake chote, akakunja uso. "Nisimame upande gani nitoke mwembamba?"

"Jua halisemi uongo, wifi."

"Lakini mchoraji anaweza," alijibu, na safari hii walicheka wote wawili, ingawa kicheko cha mchoraji kilikuwa na machozi ndani.

Siku ya uzinduzi ukuta haukuwa umekamilika. Pembe ya kulia ilikuwa bado nyeupe, na rangi ya kijani iliisha kabla ya alizeti za mwisho, zikapata majani ya bluu. Mchoraji hakusikia hotuba hata moja. Alikaa kwenye benchi la nyuma akikandamiza vidole, akitazama watu wakiusogelea ukuta, wakijitafuta, wakibishana pua hii ni ya nani. Kutoka dirishani, yule mtoto wa plasta alikuwa akiwaelekeza wenzake kwa kijiko.

Hotuba zilipokwisha, mwenye banda la kunyolea nywele alimfuata, akamwambia ana ukuta mtupu pale kwake, unaelekea barabarani, na angefurahi sana. Mchoraji alijua hofu ingemtangulia na kukaa huko pia. Alijifuta mikono kwenye gauni.

"Jua linaupiga wakati gani?" akauliza.