Kibakuli Hakirudi Kitupu

Kabla adhana ya alfajiri haijalia kwenye simu ya Stambuli, jikoni kulisikika mlio mdogo: ko, ko, ko. Ulikuwa mwiko wa Bimkubwa ukigonga ukingo wa sufuria, pole pole, asije akaamsha watu. Unga wa mchele alioukoroga jana kwa tui la nazi na hamira ulikuwa umeumuka vizuri, umetoa mapovu juu. Akatia iliki, akakoroga tena.

Alya, mjukuu wake, akaingia akipangusa macho.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeamka mapema?"

"Nimesikia harufu ya iliki. Unapika nini saa hizi?"

"Mkate wa kumimina."

"Wa nani?"

Bimkubwa akaonyesha kwa kidevu. Juu ya meza palikuwa na kitu kilichofunikwa kitambaa safi. Alya akafunua, akaona kibakuli kidogo cha udongo, rangi ya kijivu, kina mstari wa buluu mdomoni. Usingizi ukamtoka.

"Bibi. Hiki ni cha kule kwa Kazuyo."

"Ndicho. Alinipa mwenyewe."

"Hakukupa. Alikuwa anakwambia umalize kula."

Bimkubwa akaacha kukoroga.

"Kwa mikono miwili? Na kichwa akainamisha?"

"Bibi, kila mtu anawekewa kwa mikono miwili. Oh my God. Leo ndiyo trial yangu."

Alya alikuwa anasoma Kijapani katika chuo cha Kensington, huku ughaibuni, na kwa miezi minne alitafuta kazi asipate. Hatimaye Bi Kazuyo, mwenye izakaya karibu na chuo, akamwambia aje ajaribiwe. Izakaya ni mahali ambapo Wajapani hukaa baada ya kazi, wakaagiza visahani vidogo vidogo, wakala, wakanywa, wakaongea. Neno hilo la kunywa ndilo lililomkwama baba yake, Stambuli, kooni. "Mwanangu kati ya chupa?" alisema. Alya akaeleza kwamba Bi Kazuyo amekubali awe jikoni tu, kwenye kuchoma samaki na kuosha vyombo, pombe asishike. Stambuli akawaza siku mbili, kisha akamtupia mama yake mzigo. "Nenda ukaone wewe, Mama. Ukisema sawa, ni sawa."

Ndipo jana, saa kumi na mbili jioni, Bimkubwa akatoka nyumbani Auburn na mjukuu wake kwenda kupeleleza. Walikuta watu wamepanga mstari hadi nje, chini ya taa nyekundu ya karatasi. Ndani moshi wa makaa ulimpokea, ukamkumbusha wachoma mishkaki wa Ngamiani, kule kwao Tanga. Wakaketishwa kwenye ubao mrefu mbele ya jiko. Pembeni yake alikaa mzee mmoja wa Kizungu, Clifford, mteja wa siku zote. Alipoona mtandio wa Bimkubwa, alichukua glasi yake ya bia akaihamishia upande wa pili. Bimkubwa aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Akaona na mengine. Aliona kwamba katika ukumbi ule hakuna aliyejimiminia mwenyewe. Kila mtu alikuwa na jicho kwenye glasi ya mwenzake, ikipungua anaijaza. Aliona Bi Kazuyo, mwanamke wa rika lake, mgongo umepinda kidogo, akinawa mikono upya, akatoa wavu mpya wa kuchomea, ambao haujagusa nguruwe, kutoka kwenye karatasi yake, akamchomea samaki peke yake kwa chumvi na ndimu tu. Hakuambiwa afanye vile. Alimtazama mgeni wake mara moja, akajua.

Kwenye jiko la mwisho kijana mmoja alikuwa akigeuza madonge madogo ya unga yenye pweza katika chuma chenye vishimo vya mviringo.

"Alya," Bimkubwa alinong'ona, "wamepata wapi kikaango cha vitumbua?"

Alya akacheka mpaka chai ikampalia.

Na mwanzoni kabisa, kabla hawajaagiza chochote, Bi Kazuyo alikuwa amemwekea kibakuli cha mchicha uliopondewa ufuta. Bimkubwa alikula nusu, akasifu kwa macho maana Kiingereza chake ni cha salamu tu. Alipotaka kukisogeza pembeni, Bi Kazuyo akakisukuma tena kwake kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Basi, kwa mtu wa Tanga, hiyo ina maana moja. Jirani kakupa chakula, chukua uende nacho. Alya alipokuwa mlangoni akiongea na Bi Kazuyo habari za kesho, Bimkubwa alikifunga kibakuli katika kitambaa chake, akakitia kikapuni, moyo mweupe. Nyumbani alimwambia Stambuli, "Watu wale wana adabu. Mwache mtoto akafanye kazi."

Sasa alikuwa amesimama jikoni, mwiko mkononi.

"Basi nimeiba," alisema.

"Hujaiba, Bibi. Sikiliza. Nitakificha kwenye begi, nikifika nakichanganya na vyombo vya kuoshwa. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua."

"Bibi, please. Akijua kwamba bibi yangu amebeba chombo chake, ataniambia nisirudi tena."

"Pengine atakwambia." Bimkubwa alimimina unga kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, akafunika, akapunguza moto. "Lakini kitu kilichotoka kwa mlango wa mbele hakirudishwi kwa mlango wa nyuma, mama. Na kibakuli cha mtu hakirudi kitupu. Nitakirudisha mwenyewe."

Alya alitaka kubishana, ila bibi yake alikuwa ameshachukua kibakuli kukiosha upya. Akavuta kiti, wakakaa pamoja kungoja mkate uive.

Saa tisa alasiri walishuka kwenye treni ya barabarani pale Kensington. Bimkubwa alipakata kibakuli kilichojaa vipande vya mkate, kimefunikwa kwa sahani yake ya bati yenye maua, vyote vimefungwa ndani ya leso. Alya alitangulia hadi kwa Bi Kazuyo. Mlango ulikuwa bado haujafunguliwa kwa wateja, lakini Clifford alikuwa ameshawahi kiti chake, akisoma gazeti. Aliinuka akawashikia mlango.

Bi Kazuyo alikuwa anapanga vyombo. Juu ya kitambaa palikuwa na vibakuli vinne vya kijivu vyenye mstari wa buluu, na nafasi ya cha tano.

Alya akafungua mdomo. "I'm so sorry," alianza.

Bimkubwa hakumngoja. Aliweka furushi ubaoni kwa mikono miwili, akalifungua, akaondoa sahani ya bati. Harufu ya iliki na nazi ikapanda. Kisha akainamisha kichwa kama alivyofanyiwa jana.

"Mwambie nilidhani kanipa," alimwambia Alya. "Mwambie kosa ni langu, wewe hukujua. Na mwambie kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Yote mwambie, usipunguze."

Alya akatafsiri, neno kwa neno, macho chini. Bi Kazuyo alisikiliza hadi mwisho. Akachukua kipande cha mkate, akakibonyeza kwa kidole, akala. Akachukua cha pili. Ndipo akaanza kusema kwa Kijapani, na Alya akawa anatafsiri huku uso wake ukifunguka taratibu.

"Anasema vibakuli hivi vilitengenezwa na dada yake. Jana alikitafuta hiki mpaka ndani ya pipa la takataka. Anasema alimdhania Clifford."

"Mimi?" Clifford alishusha gazeti Alya alipomrudia kwa Kiingereza. "Miaka kumi na moja nakunywa hapa, hata kijiti cha meno sijabeba."

"Anasema kofia yako ni kubwa mno kwa kichwa chako," Alya alisema, na mzee akaivua, akaonyesha ndani hamna kitu.

Bi Kazuyo alifuta mikono. Alisema kwamba kijijini kwa mama yake pia sahani ya jirani haikurudi tupu. Mkiwa hamna kitu kabisa, mlitia kiberiti ndani yake, au hata karatasi safi. Tangu afungue duka hili, vyombo vingi vimeondoka na wateja. Kilichorudi ni hiki kimoja.

Halafu akamgeukia Alya, uso umekuwa wa kazi. Mkate ni mkate, alisema, na majaribio ni majaribio. Akamrushia aproni.

Bimkubwa aliketi pembeni ya Clifford na kikombe cha chai. Mlango ulipofunguliwa watu wakajaa kama jana. Alimwona mjukuu wake akiunguza samaki wa kwanza, akimchoma vizuri wa pili, akipokea visahani vichafu kwa mikono miwili kama vile vimejaa. Bi Kazuyo naye aliona. Baada ya saa mbili alipita nyuma ya Alya akamwambia kitu kifupi, na Alya akageuka kumtafuta bibi yake kwa macho, akanyanyua vidole viwili: siku mbili kwa wiki, Jumanne na Jumamosi. Bimkubwa akamnyanyulia kikombe chake cha chai.

Alipoinuka kuaga, sahani yake ya bati haikuwa pale alipoiacha. Bi Kazuyo alitoka nayo jikoni. Juu yake palikuwa na mapeasi mawili, na katikati ya mapeasi, kile kibakuli, kimejaa mchicha wa ufuta.

"La, la," Bimkubwa alisema, akarudi nyuma hatua. "Tusianze tena."

Bi Kazuyo alicheka, akakisukuma kwake kwa mikono miwili, akazungumza kirefu. Alya alisogea, aproni imelowa, nywele zikichungulia chini ya mtandio.

"Anasema safari hii amekupa kweli. Na anasema kuna kikaango kingine cha vishimo, kipya, bado kimo ndani ya boksi. Hakijapikiwa kitu. Nimemwambia ulichosema jana, anataka kuona hivyo vitumbua."

Bimkubwa alikitazama kibakuli, akamtazama Bi Kazuyo.

"Lini?"

Bi Kazuyo alielewa bila kutafsiriwa. "Thursday," alisema, kisha akamwambia Alya mengine, na Alya akayaleta kwa Kiswahili huku akicheka.

"Alhamisi, kabla hawajafungua. Anasema uje mwenyewe ukilete kibakuli, Bibi, usimtume mtu. Asije akaanza tena kukitafuta ndani ya pipa."