Kivinjari cha Bi Nukta

Katika kiwanda kile cha uchapaji kila mtu alimwita Bi Nukta, na jina lenyewe hakulichukia. Kazi yake ilikuwa kusahihisha. Kadi za harusi, kalenda, vitabu vya shule, vibandiko vya chupa za dawa, vyote vilipita mbele ya macho yake kabla ya kuingia mtamboni. Aliweza kurudisha ukurasa mzima kwa sababu ya nukta moja iliyokaa vibaya, na mteja akilalamika kwamba anacheleweshwa, alimjibu kwa upole kabisa, "Mimi nakuondolea aibu, wewe unaniletea haraka."

Siku hizi wateja hawakuleta tena karatasi. Kazi zao ziliingia kwenye tovuti ya kiwanda, na Bi Nukta alizifungua kwa kivinjari cha zamani ambacho wenzake walikibandika jina la Kobe. Kilikuwa kizito kweli. Ukishakibofya, ulipata nafasi ya kufuta miwani, kunywa maji na kuulizana habari za nyumbani, ndipo kinafunguka. Lakini ole wako umguse huyo Kobe wake!

Basi kiwanda kikaajiri fundi mpya wa kompyuta. Na fundi mwenyewe akawa nani? Mke wa kaka yake Bi Nukta. Wifi yake hasa.

"Sasa tumekwisha," alisema fundi mitambo, mtu wa masihara tangu asubuhi. "Tulikuwa tunalalamika mtandao unasumbua, tumeletewa wifi mzima mzima."

Mawifi wale walipendana, ila kwa mtindo wa mawifi: hakuna aliyekubali kushindwa na mwenzake hata katika kukunja shuka.

Wifi alianza kazi kwa kupita meza hadi meza, akimuuliza kila mtu anatumia kivinjari gani, na kwa nini hicho na si kingine.

"Mimi nilikikuta humohumo kwenye kompyuta," alisema fundi mitambo. "Ni kama jina langu. Nilipewa, sikuulizwa."

Msanifu wa kurasa alikikumbatia chake kwa sababu kilimtunzia nywila zote. "Nikikihama, mimi si mtu tena. Hata siku yangu ya kuzaliwa sasa hivi anaijua yeye." Meneja naye alitazama pembeni kidogo kabla ya kujibu. Alisema chake aliwekewa na binti yake kabla hajaenda kusoma mbali, basi kila akikifungua humkumbuka, yamekwisha, hakuna sababu nyingine.

Zamu ya Bi Nukta ikafika.

"Na wewe wifi, kwa nini huyu Kobe?"

"Na wewe kwa nini uliolewa na kaka yangu?"

"Nilimpenda."

"Basi na mimi ni hivyohivyo. Yaishe."

Wifi alicheka, lakini alipoinama kuangalia kompyuta, kicheko kikakatika. Kobe hakuwa amesasishwa kwa miaka. Kila ujumbe ulipotokea kumwomba mwenyewe akubali toleo jipya, Bi Nukta alibonyeza "Baadaye".

"Wifi, umebonyeza baadaye mpaka baadaye yenyewe imepita! Hii ni nyumba isiyo na mlango. Mwizi akiingia hapa anabeba kazi za wateja wote."

Bi Nukta akajifanya anatafuta kalamu. Meneja alipoelezwa, hakusita. Kesho yake kila kompyuta ikawekewa kivinjari kimoja kipya, na Kobe akaondolewa kwenye kioo cha Bi Nukta.

Hicho kipya kilifunguka kabla hata hajakaa vizuri kitini. Kilikuwa cheupe, chepesi, na herufi zake zilikuwa ndogo kama sisimizi waliotawanyika kwenye unga. Bi Nukta aliusogeza uso mbele. Akausogeza tena. Alilolificha kwa muda mrefu lilikuwa limemkalia pale mbele, jeupe pe.

Macho yake yalikuwa yanafifia. Ilianza kama ukungu kwenye jicho la kushoto, akadhani ni miwani chafu. Siku moja akagundua kwamba Kobe anaweza kukuza herufi, akazikuza kidogo. Baada ya muda akaongeza tena, akabadilisha na rangi ya nyuma iwe ya manjano hafifu isiyochoma. Aliogopa kwamba toleo jipya lingefuta mipangilio yake yote, na hapo ndipo ilipotoka ile "Baadaye". Alijua hata kivinjari kipya hakikosi sehemu ya kukuza. Lakini ili aonyeshwe ilipo, angelazimika kuuliza, na akiuliza, ataulizwa kwa nini. Hata mumewe hakujua.

Akasoma hivyohivyo, kwa kubahatisha. Alasiri mtambo ukaanza kunguruma, kisha ghafla ukanyamaza. Fundi mitambo akatoka na kadi ya harusi mkononi.

"Bi Nukta, hebu nisaidie. Hawa watu wanaoana au wanateka maji?"

Kadi ilisema: *Mnakaribishwa katika ndoo ya binti yetu mpendwa.*

Chumba kizima kiliangua kicheko. Bi Nukta naye alicheka, maana kwa kweli ilichekesha, na hasara yenyewe ilikuwa karatasi chache tu. Kisha akainuka, akaenda stoo ya karatasi, akakaa juu ya bunda na kujishika kichwa.

Wifi alimfuata na vikombe viwili vya chai. Akakaa naye bundani, bega kwa bega.

"Ni macho?" aliuliza.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Kobe bado yumo ndani ya kompyuta, nimemfungua sasa hivi nijue ulikuwa unampendea nini. Herufi moja imejaa kama sufuria."

Bi Nukta aliizungusha chai kikombeni. "Msahihishaji asiyeona ni nini, wifi? Ni mtu aliyekaa tu kwenye kiti."

"Ni mtu aliyechelewa kwenda hospitali. Kunywa hiyo chai. Kesho tunakwenda wote."

Bi Nukta alikuwa amejiandaa kusikia lawama, au angalau mzaha. Hakuna kilichokuja. Walimaliza chai yao palepale bundani. Jioni ile akamweleza mumewe, ambaye alinuna kidogo kwa kufichwa, kisha akamtafutia sweta, kwa sababu hospitalini huwa na baridi.

Daktari wa macho alimmulika, akaandika, akamulika tena. "Ni mtoto wa jicho, mama. Anatolewa."

"Kwa umri huu bado napata watoto!"

"Macho yote mawili," alisema daktari.

"Basi ni mapacha," alidakia Wifi, na daktari ikabidi aiweke tochi chini acheke kwanza.

Lilifanyiwa upasuaji jicho moja, likapumzishwa, kisha la pili. Bandeji ilipofunguliwa, kitu cha kwanza alichokiona Bi Nukta ni mshono wa shati la mumewe, uzi kwa uzi. Akakaa anautazama kama mtu aliyeonyeshwa mji mgeni.

Aliporudi kazini alimkuta Kobe kwenye kioo, mahali pake palepale. Wifi alikuwa amemsasisha. Waliomtengeneza walikuwa bado wapo, wakitoa matoleo mapya kila mara, na kilichokosekana ni ruhusa ya mwenyewe tu. Mipangilio ilikuwa haijaguswa hata kidogo. Bi Nukta akabofya, kikafunguka mara moja, naye akaruka nyuma na kiti chake.

"Mungu wangu! Hiki ndicho nilichokuwa nasoma? Si tangazo la barabarani hili!"

Akazipunguza herufi, akazipunguza tena, mpaka zikawa za kibinadamu. Kile cheupe nacho kilikuwepo, kwa hiyo alivijaribu vyote viwili bila upendeleo, leo hiki, kesho kile. Mwishowe akajikuta yuko kwa Kobe.

"Macho sasa unayo, na kasi yao ni moja," alisema Wifi. "Niambie kweli, kwa nini bado huyu?"

Safari hii Bi Nukta hakumrushia swali. Alifikiri.

"Alinistahimili. Wakati naona haya kumwambia mtu, yeye alikuza tu herufi, hakuniuliza lolote. Najua ni programu, wifi, usinicheke. Lakini mkono wangu umemzoea, na moyo pia."

"Sicheki," alisema Wifi. "Mimi mwenyewe natumia kile kilichokuwa kwenye kompyuta yangu ya kwanza. Na ni kibovu, usimwambie mtu."

Bi Nukta alimgeukia amtazame vizuri. "Kumbe una mvi!"

"Zilikuwepo siku zote."

"Zinakupendeza."

Wifi alishika nywele zake. Akaondoka zake kwenda kumfungulia meneja kompyuta iliyogoma. Bi Nukta akavuta kiti, akafungua kitabu cha hesabu cha watoto wa darasa la kwanza. Chumba cha pili mtambo ulikuwa unanguruma. Kwenye ukurasa wa mwanzo palikuwa na picha ya machungwa, na chini yake sentensi iliyokosa alama ya kuuliza. Akaiweka, akaendelea kusoma.