Nafasi ya Kumi na Mbili

Kitu cha kwanza alichokiona fundi cherehani katika ofisi ile ya misaada ya biashara ndogondogo kilikuwa mabega. Bega la kushoto la mlinzi wa mlangoni lilikuwa chini kuliko la kulia. La karani vivyo hivyo. Na mkubwa wao alipopita na faili kwapani, la kwake nalo lilikuwa limeshuka. Mtu anayepima watu mchana kutwa huona mabega kabla ya sura. Akajua pale pamejaa ukoo mmoja.

Alimnong'oneza jirani yake, muuza sabuni waliyekuja naye. Watu walimwita Mama Povu, na si kwa sabuni peke yake. Mama Povu akamwambia hilo linajulikana siku nyingi: mjomba akipata kiti, mpwa hupata stuli, na paka wa nyumbani hukosa tu kwa kuwa hana cheti. Lakini fomu zao zimejazwa barabara, akasema. Alizijaza zote mbili yeye, maana fundi aliishia darasa la nne. Mama Povu aliomba mashine ya kukatia sabuni. Fundi, cherehani ya umeme.

Fundi akaitwa kwanza. Orodha ya watu kumi na wawili ilikuwa mezani tayari. Mkubwa hakuigusa fomu yake. Alimtazama alivyosimama, bega la kushoto limelala kwa miaka ya kuinamia cherehani ya mkono, akatabasamu.

"Wewe binti wa nani kule kwetu?"

Fundi akatazama sakafu. Alitaka kusema yeye si wa kwao.

"Ana haya huyu," mkubwa akamwambia karani. "Marehemu shangazi mtupu."

Karani alisema orodha imejaa. Mkubwa akachukua kalamu, akapitisha mstari juu ya jina la mwisho, akaandika la fundi. Kusoma kulimpa fundi taabu, lakini jina lililokatwa alilijua. Lilipigwa chapa kwenye kila mche wa sabuni aliofulia.

Hakuhisi furaha wala aibu. Moyo ulikuwa kama ncha ya kidole iliyochomwa sindano mpaka ikaota sugu. Akatia dole gumba, akatoka.

Cherehani ililetwa baada ya wiki mbili. Ilishona vizuri. Mama Povu aliambiwa fomu yake haionekani. Kila Jumatatu alifunga duka, akavaa gauni lake la heshima, akaenda kuiulizia. Akirudi hupita kwa fundi, akatania kwamba labda fomu imeshaolewa humohumo ofisini. Fundi hucheka kidogo, akaendelea kushona. Jumatatu saba zikapita hivyo.

Jumatatu ya nane Mama Povu alileta gauni lile, pindo limefumuka, akaomba lishonwe upesi apate kuwahi foleni. Fundi akalishona, akakata uzi, akalikunja. Hakumpa.

"Dada, usiende," alisema. "Fomu haikupotea. Ulikuwa kwenye orodha. Jina lako lilikatwa mbele yangu, likaandikwa langu, kwa kuwa walidhani mimi ni wa kwao. Niliona, nikanyamaza."