Anwani ya Mama Mdogo

Mimi na mama mdogo hatuzungumzi, na niseme mapema kwamba wa kulaumiwa ni yeye. Mdomo wake hauna breki. Miaka sita mizima watu wa nyumbani walijua kwamba ninafanya kazi ofisini, kwenye hoteli kubwa, na mimi sikuona dhambi yoyote, maana hoteli ni kubwa kweli na ofisi zimo ndani yake. Siku moja yeye akaandika kwenye kundi la familia, mbele ya wajomba, mashangazi na wakwe: "Mwacheni mwenzenu apumzike, anapiga pasi mashuka kutwa nzima kwenye joto." Eti alikuwa ananitetea! Nilimtoa kwenye kundi dakika ileile, nikamzuia kwenye simu yangu, kisha nikachukua simu ya mdogo wangu nikamzuia na huko.

"Dada, mimi sijagombana naye," mdogo wangu alisema.

"Sasa umegombana. Na ole wako nisikie umekanyaga kwake."

Hakukanyaga. Ndivyo alivyo, ukimwambia kaa, anakaa hadi umwambie simama. Namwita Profesa, kumtania tu, kwa sababu miaka mitatu ameinamia madaftari kwenye meza yangu ya kulia mpaka nikasahau kitambaa cha meza kina rangi gani. Alisomea kutengeneza meno bandia. Mwaka huu alihitimu, akapata kazi kwenye maabara ya meno karibu na soko, akapeleka ombi la kibali cha kazi, kile wanachopewa wageni waliomaliza masomo humu nchini. Kibali hicho mtu hupewa mara moja tu maishani. Ukikikosa, hakuna kuomba tena, unafungasha. Ombi likiwa bado linashughulikiwa unaruhusiwa kufanya kazi, kwa hiyo alikuwa akienda kazini kila asubuhi, roho yake kwatu.

Sehemu ya anwani kwenye fomu nilimjazia mimi. Mkataba wa chumba changu unataka mpangaji mmoja, na msimamizi wa jengo letu husoma jina kwenye kila bahasha kabla ya kuitia sandukuni. Jina la Profesa halikutakiwa kuonekana pale. Tukaandika anwani ya mama mdogo, ambaye wakati huo tulikuwa bado tunapikiana naye. Tena nilimwagiza kwa kinywa changu: barua ikija, usithubutu kuiacha kwenye jengo letu, nipe mkononi. Akasema sawa. Halafu ndiyo yakatokea yale ya kundi la familia, na kwa hasira zangu sikukumbuka fomu wala anwani.

Profesa alikumbuka. Alinigusia mara moja, nikiwa navua viatu baada ya zamu, miguu imevimba, kwamba labda aende akaulize kama kuna barua.

"Idara ya uhamiaji ikikutaka itakupigia simu," nikamwambia. "Au unatafuta kisingizio cha kwenda kunywa chai yake?"

Hakurudia tena.

Jumanne iliyopita nilikuwa na mapumziko. Saa sita mchana mlango ukafunguliwa, Profesa akaingia, ana vumbi la plasta hadi kwenye nyusi na kiboksi cha viatu mikononi. Ndani ya kiboksi mlikuwa na visu vyake vya kuchongea nta, brashi na koleo ndogo.

"Mwenye maabara amenirudisha," akasema. "Idara imemwandikia. Ombi langu limefungwa. Haruhusiwi kuwa na mimi pale hata kwa saa moja, nimeacha meno ya bibi mmoja yamebaki kung'arishwa tu."

"Limefungwa kwa nini?"

"Walinitaka nipeleke karatasi moja. Walinipa siku thelathini na sikujibu. Sasa nina siku kumi na nne za kuondoka nchini."

"Hao wendawazimu walikuandikia wapi?"

Aliniangalia tu, nikaikumbuka ile anwani. Nikavaa viatu.

Mama mdogo ni mshonaji wa mapazia, na sebule yake ndiyo karakana. Alitufungulia utepe wa kupimia ukiwa shingoni, pini mdomoni.

"Shikamoo, mama mdogo," Profesa akasema.

"Marahaba, baba. Umekonda." Kisha akanigeukia mimi, akasubiri shikamoo yake. Sikumpa.

"Barua iko wapi?"

"Hata salamu, mwanangu?"

"Barua."

Alizitoa pini mdomoni moja moja, makusudi, akazichomeka kwenye kimto. Akavuta droo ya cherehani, akatoa bahasha. Ilikuwa haijafunguliwa. Profesa aliikata kwa mkasi wa nyuzi, akaisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza kidogo kama alivyokuwa akisoma utotoni.

"Wanataka barua ya chuo kwamba nimemaliza masomo yote," akasema. "Basi. Hiyo tu. Ninayo, iko kwenye begi langu tangu matokeo yatoke." Akaitazama tena tarehe. "Siku ziliisha Ijumaa."

Nikampasukia mama mdogo. Nilimwambia yote niliyoyahifadhi kwa miezi miwili na mengine niliyoyapata palepale. Kwamba ana roho mbaya. Kwamba amekalia maisha ya mtoto wa dada yake kwenye droo ya cherehani kwa ajili ya ugomvi wa maneno ya kwenye simu. Kwamba mama yangu angekuwa hai angemtemea mate. Hilo la mama nililisema nikijua linakata wapi.

Akaniacha nimalize.

"Usinipandishie sauti nyumbani kwangu," akasema. "Nilikuja."

"Ulikuja wapi?"

"Kwako. Jumamosi, barua ikiwa na wiki mbili na ushee. Simu zenu zote mmenifungia, kazini kwa huyu sikujui, nikaona isiwe taabu, nikapanda ngazi zile na magoti yangu haya. Nikapiga hodi hadi vidole vikauma. Uliniambia nisiiache pale, nikupe mkononi, nikarudi nayo." Akauvua utepe shingoni. "Redio ilikuwa inasikika. Nilipoanza kugonga, ikazimwa."

Jumamosi ile naijua vizuri. Profesa alikuwa kazini. Nilichungulia kwenye tundu la mlango nikamwona, ameshika bahasha, nikadhani ni kadi ya harusi ya binti yake, kwamba anataka kunirudisha kwenye shughuli zao nikaonyeshwe vidole. Nikazima redio. Nikasimama pekupeku nyuma ya mlango wangu mwenyewe, nimezuia pumzi, nikimsikiliza akihema na kuita jina langu. Na nisidanganye, nilifurahi. Aliposhuka ngazi nilijipikia chai.

"Zilikuwa zimebaki siku kumi na tatu," Profesa akasema taratibu, macho kwenye barua. Kisha akaniinulia uso. "Dada, ulikuwa ndani?"

"Sikuwepo," nikasema. "Jumamosi ile niliitwa zamu."

Mama mdogo akanitazama. Nikajua nimekwisha. Alichotakiwa kufanya ni kufungua tu ule mdomo wake, aseme aliona kivuli chini ya mlango, aseme chochote, na mimi ningeumbuka mbele ya mtu pekee niliyenaye katika nchi hii. Akainama, akaokota pini kwenye zulia.

"Basi itakuwa redio ya jirani," akasema. "Kuta za majengo yale ni nyembamba."

Profesa akaitikia kwa kichwa. Akaniwekea mkono begani, ule mkono wenye vumbi la plasta, akaniambia, "Basi, dada, hukujua."

Ningeweza kuondoka na hilo. Tungerudi nyumbani, tungelia pamoja, tungeitukana idara mpaka tuchoke, naye angepanda ndege akiamini dada yake alimpigania. Lakini mama mdogo alikuwa amesimama pale na pini yake, ametulia, ananisitiri. Nani alimwomba? Sitadanganya kwamba ni dhamira iliyonisukuma. Sikuweza tu kubeba fadhila ya mwanamke yule mpaka nyumbani.

"Nilikuwa ndani," nikasema. "Nilimwona kwenye tundu. Bahasha niliiona. Nilizima redio mimi mwenyewe, kwa mkono huu. Usinifichie, mama mdogo, sijakutuma."

Mkono wa Profesa ukaondoka begani kwangu.

Nikamsubiri apige kelele. Hajawahi kunipandishia sauti tangu azaliwe, na nilitamani aanze, maana jibu nilikuwa nimeshaliandaa, Mungu anisamehe, ningemwambia nani alimlisha, nani alimlaza, nani alimfulia. Yeye akaikunja barua kwenye mikunjo yake ileile, akaitia kwenye mfuko wa shati, akaufunga kwa kifungo.

"Mama mdogo," akasema, "naomba hizi siku kumi na nne nizikae hapa."

Mama mdogo hakuniangalia. Alianza kuondoa mapazia yaliyokunjwa kwenye kochi, moja baada ya jingine, akiyapanga mezani, mpaka pakapatikana nafasi ya mtu kulala.

Nilibaki nimesimama mlangoni. Hakuna aliyeniambia toka, wala aliyeniambia kaa.

"Begi langu nitalifuata kesho," Profesa akaniambia, "ukiwa kazini."