Siku Bendi Ilipogoma Kupiga

Msimu ule timu yetu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, ilifungwa kila mahali. Ilifungwa ugenini, ikafungwa nyumbani, ikafungwa kwenye mvua na kwenye jua. Vyuo vya jirani vilikuwa vinagombania kutualika siku ya sherehe ya wahitimu wao wa zamani wanaporudi chuoni, maana nani hapendi kushinda mbele ya wageni? Vijana wetu walipanda basi wakijua wameitwa kuliwa kama keki.

Mimi sikuwa kocha. Mimi ni Lavinia Pettigrew, mwalimu wa bendi ya Chuo cha Harlan Grove, hapa Mississippi, na sitajifanya mnyenyekevu: bendi yangu ndiyo iliyokuwa ikijaza uwanja. Watu wa kwetu hawaendi chooni wakati wa mapumziko. Wanakwenda wakati wa mpira. Tukishamaliza kupiga, wanabeba mito yao ya kukalia na kurudi kwenye magari yao kula mbavu za kuchoma na kambare wa kukaanga. Vijana wanacheza kipindi cha pili mbele ya njiwa na mama zao.

Jumatatu ya wiki ya mwisho ya msimu, mkuu wa chuo, Dakta Ellsworth Gaines, aliniita ofisini akiwa anatabasamu.

"Bi Pettigrew, nina habari njema. Baraza la chuo linataka kufuta timu. Fungu lao lote linakuja kwako. Sare mpya, matarumbeta mapya."

"Na vijana?"

"Vijana gani, mama? Nani anawatazama? Jumamosi baraza zima litakuwepo. Robo ya mwisho ya mchezo watageuka, wataona viti vitupu, wataamua. Basi."

Nilitoka mle damu inanichemka. Mlangoni nikamkuta Deshondre Tolliver, nahodha, vidole vimefungwa plasta, ananisubiri.

"Mama Pett, ni kweli?"

"Nani kakwambia?"

"Chuo kizima kinajua." Alicheka, lakini macho hayakucheka. "Wakitufuta watufute. Ila kabla hatujaondoka, natamani robo ya mwisho nigeuke mara moja nione watu."

Nilimgusa bega, nikaenda zangu mazoezini.

Jumamosi ilikuwa sherehe yetu wenyewe ya wahitimu, na wapinzani walikuwa Tarrant Hill. Mpaka mapumziko tulikuwa nyuma kumi na nne kwa sifuri. Mara uwanja ukajaa, watu wakirudi mbio na sahani mkononi, simu juu, tayari kuturekodi. Bendi yangu ikasimama kwenye jukwaa letu.

"Kaeni," nikasema.

Keziah, kiongozi wa ngoma, alidhani hakunisikia vizuri. "Mwalimu?"

"Kaeni chini. Leo muziki ni baada ya mpira kuisha."

Nikamnyang'anya mtangazaji kipaza sauti. "Wana Harlan Grove! Bendi itapiga baada ya kipenga cha mwisho. Anayetaka kutusikia, akae. Anayetaka kuondoka, njia anaijua."

Loo! Zilipigwa kelele.

"Wee mama, acha utani wako!"

"Nimeendesha gari kutoka Chicago nije kuangalia hawa wanavyopigwa?"

Bibi mmoja mwenye kofia ya zambarau, aliyekuwa akinifundisha Jumapili kanisani nilipokuwa mdogo, alininyooshea kidole. "Lavinia! Nitakuchapa mbele ya watu, usifikiri umekua!"

Dakta Gaines alishuka ngazi mbilimbili, jasho linamtoka.

"Piga."

"Sipigi."

"Jumatatu huna kazi."

"Basi leo bado ninayo. Rudi ukakae, Mkuu, unawakinga watoto wangu wasione mpira."

Hakuna aliyeondoka. Walikaa wamenuna, mikono kifuani, na robo ya tatu nzima wakatuzomea. Nilikuwa sijawahi kuzomewa maishani mwangu, na iliniuma, siwezi kusema uongo. Ndipo Deshondre akaudaka hewani mpira ambao mpinzani alimrushia mwenzake, akakimbia nao uwanja mzima mpaka akavuka mstari wao wa mwisho, hakuna aliyemgusa. Kumi na nne kwa saba.

"Huyu kijana ni wa nani?" bibi wa kofia ya zambarau akauliza.

"Wetu!" nikafoka. "Yupo hapa miaka minne, wewe uko kwenye kambare!"

Robo ya mwisho Tarrant Hill walifika mlangoni kwetu kabisa. Walikuwa na majaribio manne ya kuusukuma mpira uvuke mstari wetu. La kwanza, vijana wakawazuia. La pili, wakawazuia. La tatu, watu wote walikuwa wamesimama, bibi amepanda juu ya benchi, kofia sijui iko wapi. La nne, Deshondre alijirusha na kichwa chake chote, na lile rundo la watu lilipofumuliwa, mpira ulikuwa bado haujavuka mstari.

Muda uliobaki haukututosha kusawazisha. Kipenga kikalia. Tulifungwa, asikudanganye mtu.

Nikaigeukia bendi, nikanyanyua mikono, matarumbeta yakapanda midomoni. Lakini sikuweza kuisikia hata sauti yangu mwenyewe. Uwanja mzima ulikuwa ukiita "Nyigu! Nyigu!", jina la timu yetu, na hawakuwa wakitutazama sisi. Katikati ya uwanja vijana walikuwa wamevua kofia zao, hawajui waondoke au wakae. Deshondre alikuwa anazunguka polepole pale aliposimama, akitazama jukwaa moja baada ya jingine.

Dakta Gaines alinifikia akihema. Nyuma yake, wajumbe wawili wa baraza walikuwa wamesimama juu ya viti vyao, tai zimelegea, wakiita na wenzao.

"Piga basi!" akanipigia kelele sikioni. "Si walikuwa wanaisubiri bendi?"

"Nenda kawaulize!"

Aligeuka kuwatazama, na hakurudi kuniangalia tena. Nikashusha mikono, nikawaambia wanangu wapumzike. Miaka yote sijawahi kupuuzwa kiasi kile, na sijawahi kufurahi vile.