Kovu Chini ya Baka

Umeme ulikatika tena, na Daktari Nidhal akaisogeza hadubini dirishani, akageuza kioo chake kikamate jua. Kwenye kipande cha ngozi ya Chasiba, mwoka mikate wa soko la samaki, seli nyeusi zilikuwa zimetapakaa ovyo hadi tabaka la juu. Saratani hufanya hivyo. Munqith, daktari wa upasuaji, alishatuma mtu mara mbili kudai jibu. Akiambiwa saratani, adhuhuri ataondoa pande la nyama ya mkono pamoja na tezi za kwapani, na mkono wa namna hiyo hautafaa tena kubandika mkate kwenye tanuri.

Lakini kitu kilimkwaza. Vurugu yote ile ilikuwa juu ya kovu tu. Kovu lilipoishia, nayo iliishia. Chini yake zilibaki seli za baka la zamani, alama nyeusi ya ngozi isiyo na madhara, zimetulia, zikizidi kuwa ndogo kadiri zinavyoshuka. Baka lililochomwa nusu likaota tena huwa hivyo, na limeshadanganya wengi. Bila kujua kama lilichomwa, asingethubutu kuweka sahihi. Alikuwa amechoka, na hospitali hii ilimchosha zaidi. Akapanda ngazi kwenda wodini.

Chasiba alishavishwa gauni la upasuaji. Daktari akamuuliza kama baka lile liliwahi kuchomwa kwa chuma cha moto, kama wafanyavyo waganga wa kienyeji. Akakana. Alipoulizwa tena, akageukia ukuta.

"Mama Karrar," daktari akamwita kwa jina la mwanawe, "watakuharibu mkono bure."

"Waharibu. Mama yangu ninaye mmoja."

Hapo Nidhal akaelewa kwamba aliyemchoma ni mama yake. Utawala ulikuwa umetoa amri kwamba mgonjwa akikiri kuchomwa, amtaje mchomaji, polisi wamfuate. Na Chasiba angekwenda wapi? Kliniki ya ngozi ilimpa tarehe ya baada ya Ramadhani, na wakati huo hata Muharram, mwezi wa kwanza wa mwaka, haujaandama. Hasira zikampanda daktari, si kwa mwanamke huyu.

Akaketi kitandani, akashusha sauti. "Ukibandika mikate, hujawahi kuungua mkono?"

"Kila siku."

"Hapa, penye baka?"

Chasiba akamtazama. Machozi yakamtoka kabla ya neno. "Hapo hapo, daktari. Likapona, kisha baka likarudi."

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji Nidhal alimweleza Munqith kwamba si saratani; ni baka lililorudi juu ya kovu la moto. Afisa wa utawala, aliyekuwa amesimama hapo, akadakia kutaka jina la aliyechoma.

"Tanuri," alisema Nidhal.

"Daktari, tanuri haliachi kovu la duara kama shilingi."

"La kwake linaacha. Wapelekeeni polisi hilo tanuri."

Afisa akamwonya kwamba kesho ataitwa kujieleza. Munqith akainamisha macho, akamwambia muuguzi amrudishie Chasiba nguo zake.