Alhamisi ya Blanketi Mbili

Alhamisi ile Bibi aliingia garini amejifunga blanketi mbili, na mikononi amevaa soksi.

"Usinitazame hivyo, mjukuu wangu," alisema. "Humu hata friji ingeomba koti."

Mjukuu alicheka kidogo, kisha akajifanya anatafuta ufunguo ambao tayari alikuwa ameushika. Kwa wiki tatu hita ya gari lake kuukuu ilikuwa ikipuliza baridi, na magoti ya Bibi, yaliyowapeleka kliniki kila Alhamisi, yalirudi yakiuma zaidi kuliko yalivyokwenda. Jana yake Mjomba alipiga simu: ikiwa Alhamisi hii tena hakutakuwa na joto, kuanzia wiki ijayo yeye mwenyewe atampeleka mama yake kwa gari lake jipya. Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililouma. Safari ile ilikuwa saa nzima ya umbea kwenda na saa nzima kurudi, na mjukuu hakuwa na nafasi nyingine ya kuwa na Bibi peke yao.

Aibu yake ilikuwa na ghorofa ya pili: chuoni alifundisha ufundi wa magari. Ubaoni aliandika kwa herufi kubwa, "Anzeni na lililo rahisi." Yeye akaanza na gumu. Alibadilisha thermostati, kile kifaa cha kudhibiti joto la injini. Alisukuma maji kwenye kijirejeta cha hita kilichofichwa nyuma ya dashibodi, akalowesha zulia. Alichora hata mchoro wenye mishale ya rangi tatu. Mchoro ulipendeza sana. Baridi haikujali.

Kumuuliza Fundi, aliyekaa jirani, kulimshinda. Kila Fundi alipopita, mjukuu alifunga boneti upesi na kupangusa taa. Mtaa mzima haukuwa na gari lenye taa safi kama lile.

Bibi hakuwa na ugonjwa huo wa aibu. Alishusha kioo. "We Fundi! Njoo, mwalimu wetu kashindwa na hita!"

"Bibi, jamani!"

"Jamani nini? Magoti ni yangu."

Fundi alikuja na mswaki mdomoni. "Maji umeangalia?"

"Chupa ya maji ya akiba imejaa. Naiangalia kila siku."

"Sawa. Na rejeta yenyewe?"

Mwalimu alishuka, akafungua boneti. Injini ilikuwa bado ya baridi, kwa hiyo Fundi alifungua kifuniko cha rejeta, akachungulia, akampisha mwalimu. Ndani mwalimu aliona giza tupu, maji hayakuonekana. Kimpira cha kutoka kwenye chupa kilikuwa kimepasuka shingoni mwa rejeta, kikawa kinavuta hewa tu. Chupa ilibaki imejaa huku rejeta ikipungukiwa siku hadi siku, na hita ikipata hewa badala ya maji ya moto.

"Hilo ni somo la mwaka wa kwanza," mwalimu alinong'ona. "Wiki ya kwanza."

"Mimi niliunguza injini ya shemeji kwa hilo hilo," Fundi alisema. "Mpaka leo ananiita Mkaa."

Alikata penye ufa, akachomeka kimpira upya. Wakajaza rejeta injini ikiunguruma, mapovu yakatoka mpaka yakaisha. Mwalimu aliweka kiganja kwenye tundu la hita: baridi, baridi, vuguvugu. Kisha joto.

Simu yake ikalia. Ni Mjomba. Bibi aliinyakua.

"Mwanangu, wiki ijayo usisumbuke. Nimeshavua soksi za mikono."

Akamgeukia mjukuu. "Sasa punguza, utanikaanga. Na uende polepole, umbea wa jirani yangu sijakuhadithia bado."